Kupamba Visima Derbyshire: Udongo Kwanza, Maua Baadaye

Ukihamia kijiji kidogo cha Derbyshire, Uingereza, na unataka kufahamiana na majirani, usingoje kualikwa chai. Ulizia wiki ya kupamba visima, nenda kwenye banda wanakotengeneza picha za maua, uombe kazi. Mikono haitoshi kamwe. Watu hubandika petali wameketi bega kwa bega kwa saa nyingi, bibi kizee na mtoto wa shule kwenye ubao mmoja, na hapo ndipo habari zote za kijiji zinapopatikana.

Kila mwaka, kwenye kisima, chemchemi au bomba la kijiji husimamishwa picha kubwa iliyotengenezwa kwa maua na mbegu juu ya udongo. Kijiji cha Tissington hufanya hivyo kwenye Sikukuu ya Kupaa Bwana. Wenyeji husimulia kwamba maji safi ndiyo yaliyowaokoa na tauni ya karne ya 14, na kwamba visima vyao havikukauka katika ukame wa 1615. Mji wa Wirksworth na kijiji cha Youlgrave chanzo chao ni cha karibuni zaidi: walianza kupamba mabomba kushukuru maji ya bomba yalipowafikia, Wirksworth mwaka 1827 na Youlgrave mwaka 1829. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani ataelewa furaha ile bila kufafanuliwa.

Sasa kazi yenyewe. Ubao mzito wenye misumari midogo iliyoachwa imechomoza hulazwa mtoni au bwawani siku kadhaa hadi ushibe maji. Wageni wengi huona hatua hii ni ya kupoteza muda, lakini ubao mkavu hunyonya unyevu wa udongo, na siku ya tatu picha inapasuka. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na maji na chumvi, kisha hukanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini, usiwe na kokoto wala mabonge. Chumvi ndiyo inayozuia udongo usikauke haraka. Pakaza unene wa sentimita 2 hadi 3 na usawazishe. Ukiwa majimaji, utateleza ubao ukisimamishwa; ukiwa mgumu, petali hazitashika. Misumari ile ndiyo inayouzuia usidondoke.

Mchoro wa karatasi hulazwa juu ya udongo na mistari yake hutobolewa kwa sindano. Ukiondoa karatasi, unafuata vitobo hivyo kwa punje za kahawa, mbegu, au vile vitunda vikavu vyeusi vya mti wa alder. Usiharakishe mistari. Ikipinda usoni mwa mtu, hakuna ua litakaloficha.

Baada ya hapo anza na vitu vinavyodumu: magome, kuvumwani, majani, sufu ya kondoo. Petali huja mwisho kwa sababu ndizo zinazonyauka kwanza. Hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake, kama makuti ya paa, ili mvua iteremke bila kuingia ndani. Ukianzia juu, mvua ya usiku mmoja inatosha kung'oa kazi ya siku nzima. Bandika petali moja moja, ukibonyeza ukingo wa juu tu kwa kidole. Ua la haidrenjia hupendwa kwa sababu rangi ya buluu ni adimu katika maua mengine. Petali zilizoloa achana nazo, hugeuka kahawia. Usiku funika sehemu ambayo haijajazwa kwa kitambaa kibichi.

Vijiji vingi hushikilia vitu vya asili pekee, kwa hiyo uliza kabla ya kuleta shanga au vioo. Sisi tunaona sharti hilo ni la haki: bila hilo ustadi wote unapotea.

Kusimamisha ubao kunahitaji watu wengi wenye nguvu, na anayetoa amri awe mmoja tu. Kisha huja kasisi kubariki maji, mara nyingi kwa maandamano na bendi ya tarumbeta. Picha hukaa takribani wiki moja. Ukienda kama mgeni, nenda siku mbili za kwanza, acha gari mwanzoni mwa kijiji, na ubebe sarafu: kando ya kisima huwekwa kisanduku, na michango hiyo huenda kwa shughuli za hisani.