Fedha za kuzibulia mtaro wa mtaa, Moshi
Ndugu mnaouliza pa kuanzia kuomba fedha za kuzibua mtaro wenu wa Pasua, msianzie kwa mbunge. Itisheni mkutano wa mtaa, muhtasari uwe na mahudhurio yaliyosainiwa, mtendaji aupeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mitaro ya barabara za mitaa ni kazi ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkisubiri mwezi wa tano mmechelewa, bajeti imeshapangwa.

Maombi mengi hukwama kwa kuandika tu "mtaro mbovu". Shikeni futikamba: urefu, upana, kina, kalavati limejaa mchanga kiasi gani, na hasa maji yatatokea wapi. Bila hapo pa kutokea, mhandisi hawezi kukadiria gharama, na mafuriko mtakuwa mmemhamishia jirani wa bondeni. Jamani, hilo msilikubali. Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo la uchaguzi, nao hupokea vipaumbele vya kata, muhtasari uleule unatosha kuanzia.