Mwulize Fundi: Mark 4 ya Marehemu Baba, Niivue Mbao?

*Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliacha bunduki ya .303, ile Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza mnayoiita Mark 4. Alipofariki tuliisalimisha polisi, nikaomba cheti kwa jina langu, na sasa naipeleka uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi. Wenzangu wananicheka. Ni nzito, kitako chake cha shaba kinaniumiza bega, nikilenga katikati kwa yadi 100 inapiga juu, na juzi risasi ya pili ilikwama mbele ya watu wote. Kuna mtu hapa mjini anasema ataikata mbao ya mbele, aweke kitako cha plastiki nyeusi, atoboe chuma na kufunga darubini, yote kwa siku moja. Nimpe?* — Msomaji, Njoro

Marahaba. Usimpe.

Tuanze na huyo wa siku moja. Kutengeneza bunduki za watu kwa malipo ni kazi ya aliyesajiliwa kisheria, na cheti chako hakimruhusu mtu mwingine kulala nayo. Ukimwachia hata usiku mmoja, mnatafuta kesi nyote wawili.

Sasa malalamiko yako. Ile risasi iliyokwama haikukwama kwa uzee. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza huko nyuma, kama mdomo wa sufuria. Ndani ya magazini, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukizijaza kwa haraka huku unapiga gumzo, mmoja unaingia nyuma ya mwenzake, na bolti, kile chuma cha kuingizia risasi mtutuni, ikija kusukuma ya juu, inang'ang'ana na ya chini. Jaza moja moja, uangalie. Nina hakika hiyo siku ulikuwa unaongea.

Kupiga juu nako si ugonjwa. Kile kitundu kidogo cha kulengea unachokitumia kilipimwa kwa yadi 300, sababu waliokiunda walikuwa wanafikiria vita, hawakuwa na habari ya karatasi yako ya yadi 100. Kama yako ina kile kibao chenye namba, kiinue usimamishe kwenye 200, ambayo ndiyo ya chini kabisa, halafu ulenge chini kidogo. Ikizidi bado, kijiti cha mbele hutengenezwa kwa urefu tofauti, na fundi mwenye usajili atakubadilishia bila kutoboa chochote.

Bega lako nalo lina dawa ya zamani. Tazama juu ya kitako, karibu na ile shaba. Ukikuta herufi S, umerithi kitako kifupi. L ni kirefu. Jeshi la Uingereza lilijua kuwa watu hawalingani mikono, likatengeneza vitako vya urefu mbalimbali, hata kimoja cha watu wafupi kabisa chenye herufi B. Huenda baba yako alikuwa mfupi kuliko wewe. Tafuta kirefu, au uvalishe kitako soksi ya mpira, ambayo unaivua ukimaliza. Na huo uzito unaoulalamikia, zile kilo 4, ndio unaopunguza teke. Plastiki itakurudishia teke lote.

Nimefika kwenye mbao, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia.

Nilifanya kazi karakana ya silaha miaka 26. Mwaka wangu wa pili nililetewa Mark 4 nisafishe. Nikapitisha noti ya shilingi 10 kati ya mtutu na mbao ya mbele. Ikateleza vizuri hadi karibu na mdomo, ikakwama. Nikasema hapa mbao imevimba, mvua ya Molo hii. Nikachukua tupa na msasa, nikalainisha mpaka noti ikapita mwanzo hadi mwisho, nikajisifu. Uwanjani, bunduki ambayo wiki iliyopita ilikuwa inafunga risasi 5 mahali pa kifuniko cha birika ikazitawanya kama mtu anayerushia kuku mahindi.

Sajenti hakunigombeza. Aliniambia niweke kidole chini ya mdomo wa mtutu, niuinue kidogo, akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikasema sisikii kitu. Akasema, "Ndiyo. Ulipaswa kusikia." Ule uvimbe niliousaga haukuwa uvimbe. Mbao ya Mark 4 imechongwa isukume mtutu kwenda juu pale mdomoni, kwa nguvu ya ratili chache tu, ili mtutu huo mwembamba utikisike kwa namna ileile kila risasi. Jioni nzima nilikaa na kibanzi cha mbao na gundi nikirudisha nilichokula.

Kwa hivyo mtu akikwambia ataikata mbao ili "ionekane ya kisasa," mwulize huo msukumo atauweka wapi. Akikutazama tu, beba bunduki yako urudi Njoro.

Sisemi kila Mark 4 iliyovuliwa mbao imeharibiwa. Baada ya vita, kampuni ya Parker-Hale kule Birmingham ilizipunguza nyingi kwa ajili ya wawindaji, na nimewahi kushika moja tamu sana. Lakini mwindaji alitaka wepesi wa kupanda nao mlima, na uwindaji hapa kwetu ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wewe unatoka kwenye gari hadi kwenye meza ya kulengea, hatua hamsini.

Darubini sikukatazi, macho yangu yenyewe yamechoka. Vipo vishikio vinavyobana penye kile kitundu cha nyuma bila kutoboa; siku ukichoka, unavifungua. Utakosa tu ile raha ya kusukumia risasi 5 kwa klipu kutoka juu, maana darubini inaziba njia. Chuma kikishatobolewa hakitoboleki kinyume.

Na kama unapiga risasi za zamani za jeshi, mtutu uoshe kwa maji ya moto siku hiyohiyo kabla ya mafuta, kwani fataki zake, vile viwashio vya baruti nyuma ya risasi, huacha chumvi na mafuta hayaiondoi. Nunua birika la kazi hiyo. Mimi nilitumia la nyumbani mara moja, na mke wangu hajasahau.

*Fundi, babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alifika Burma. Katika sanduku lake kuna chuma cha inchi 8, kimechongoka kama msumari, hakina makali, nyuma kina soketi. Ni cha nini?* — Kisumu

Hiyo ni singe ya Mark 4. Ni ya kuchoma tu, haikati, na askari wengi waliitumia zaidi kutobolea makopo. Ipake mafuta kidogo, uirudishe sandukuni. Usiinoe.