Kupaka rangi kromu ya gari: usikimbilie kopo la rangi

Rangi nyeusi niliyopuliza kwenye grili ya gari langu (shoo, kama wengi tunavyoiita) ilidumu wiki tatu. Siku nilipoiosha kwa mashine ya presha, kipande kikainuka kwenye kona na kuanza kupeperuka. Nikakivuta kwa ukucha, kikaja chote kama gamba la nyoka, na chini yake kromu inang'aa vilevile kana kwamba haijawahi kuguswa. Nilikuwa nimetumia rangi ya bei mbaya, tena nikapiga mikono minne, yaani tabaka nne. Haikusaidia kitu.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ile kromu ni ngozi nyembamba tu. Ndani ni plastiki, mara nyingi ile iitwayo ABS. Kiwandani huvishwa shaba, kisha nikeli, na juu kabisa kromu yenyewe, ambayo kwa kawaida haifiki hata mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita). Ni nyembamba, lakini ngumu na laini kama kioo, na rangi haina pa kushika. Ukiipuliza hivyo hivyo itakaa juu tu, ikisubiri maji ya presha.

Kwa hiyo kazi ni msasa. Rangi ni mambo ya jioni.

Kama kipande kinatoka, kitoe. Klipu za plastiki huvunjika kirahisi zikiwa baridi, basi zipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha uchokonoe kwa kabari ya plastiki, si bisibisi. Hapa nina onyo moja: magari mengi ya siku hizi yana rada nyuma ya nembo ya mbele, ile inayopima umbali wa gari lililo mbele yako. Nembo ya namna hiyo iache kama ilivyo. Rangi, hasa yenye chembe za metali, inaweza kuipofusha rada.

Osha kwa maji na sabuni, kausha, halafu futa kwa dawa ya kuondoa grisi au spirti kabla hujagusa msasa. Ukianza na msasa, nta na silikoni za polishi zitasuguliwa ndani ya mikwaruzo, na baadaye rangi itajikunja na kuacha vijishimo vya duara vinavyofanana na macho ya samaki. Petroli usitumie, inaacha mafuta. Thina kali nayo iweke mbali na sehemu ambayo plastiki imejitokeza, kwa sababu inailainisha na kuipasua nyufa ndogo ndogo.

Sasa msasa. Mimi huanza na namba 320 wa maji na kumalizia na 600, kwenye ndoo yenye tone la sabuni ya vyombo. Maji huzuia vumbi lisipae, na vumbi la nikeli si la kuvuta puani. Vaa barakoa na glavu hata hivyo. Angalia rangi inavyobadilika chini ya kidole. Kromu ina ubuluu baridi. Ukiimaliza, nikeli inatokea na unjano kwa mbali. Ukiona wekundu, umefika kwenye shaba, na baada ya hapo ni plastiki tupu. Huna haja ya kufika huko kote. Unachotafuta ni kuua mng'ao: kipande chote kiwe na ukungu, hata kwenye vile vipembe kati ya fito za grili ambako kidole hakiingii. Huko nakunja msasa mara tatu, au natumia kitambaa kigumu cha kusugulia masufuria. Rangi yangu ya kwanza ilianza kubanduka kwenye kipembe cha aina hiyo, nilichokiona na kukipuuza kwa sababu mgongo uliniuma.

Kama kromu imevimba au imeanza kubanduka yenyewe, usiipake juu. Ibandue yote iliyolegea mpaka ufike inaposhika, kisha usugue ukingo hadi ukipitisha ukucha umefumba macho usikwame. Ukingo wa kromu iliyopasuka unakata kama wembe. Mimi nina alama kwenye kidole gumba.

Ukimaliza, mwagia maji safi. Yakitandaa kama utando, uko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta.

Praima, ile rangi ya chini inayoshikilia rangi ya juu, ndipo wengi hupotea. Ile ya plastiki imetengenezwa kushika plastiki, na wewe una metali mkononi. Tumia praima ya epoksi au ile ya asidi inayong'ata chuma, na ya plastiki weka tu kwenye mabaka yaliyofika plastiki, ukifuata maelezo ya kopo.

Rangi yenyewe haina siri kubwa. Puliza kutoka kama sentimita 25, mikono myepesi, ukisubiri dakika kumi hadi kumi na tano kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza ukionekana umefunika vizuri, umeshaweka nyingi mno. Malizia na vanishi ya gari, mikono miwili au mitatu. Tepu ya kuzuia rangi itoe kabla vanishi haijakauka kabisa, la sivyo itang'oa ukingo. Kisha gari lisiguswe na presha kwa wiki kadhaa.

Kama huna hakika unataka weusi wa kudumu, zipo rangi za mpira zinazobanduliwa kwa mkono ukizichoka. Hizo hazihitaji msasa, na kusema kweli kwa gari unalotaka kuuza karibuni ningechagua hizo.

Grili yangu ya pili iko mwaka wa pili sasa. Mawe ya barabarani yameitoboa sehemu mbili, na nimeelekeza presha hapo hapo mara nyingi kwa makusudi. Vitundu vimebaki vitundu vilevile, ukubwa wa punje ya mtama.