Jibu: Kadi gani inaingia kwenye OptiPlex 7010?

Salama mkuu. Umesema umenunua kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 iliyotumika, hujui ndani ina nini, na unataka kadi ya grafiksi ya kuchezea GTA V.

Kabla ya kuulizia bei, itazame keisi yenyewe. 7010 zilitoka kwa maumbo kadhaa. Kama yako ni nyembamba, unene wake kama sentimita 9, hiyo ni SFF (Small Form Factor, yaani umbo dogo). Kadi ya kawaida haiingii humo: kibati chake cha nyuma kina sentimita 12, wewe unahitaji cha 8. Muuzaji akikwambia "itaingia tu", achana naye.

Halafu umeme. Fungua kifuniko, soma stika ya pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani). Ya SFF ni wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi itategemea umeme wa sloti (tundu inapochomekwa) peke yake, yaani isizidi wati 75. GTX 1050 Ti au GTX 1650 zile za kibati kifupi (low profile) zinafaa, ila nyingi ni nene, zinameza na nafasi ya sloti ya pili. Ukikosa, chukua GT 1030 yenye memori ya GDDR5. Kuna ya DDR4 yenye jina lilelile. Hiyo usiiguse, ni goigoi.

Prosesa na RAM utaviona ukibonyeza Windows na R, ukaandika msinfo32. Ukikuta RAM ni GB 4, ongeza RAM kwanza, aina ya DDR3, kadi baadaye.

Tupia hapa picha ya ndani na ya hiyo stika.