Mwaka wa matayarisho kabla ya uhandisi Uingereza
Dada yangu, binti yako mwenye KCSE, yaani cheti cha kidato cha nne cha Kenya, atatakiwa kuusoma mwaka huo wa matayarisho katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza, hata kama alama zake za hesabu na fizikia ni nzuri, kwa sababu sekondari katika mfumo wetu wa elimu wa 8-4-4 huishia kidato cha nne, ilhali shahada zao za uhandisi, ambazo kwa kawaida ni za miaka 3, huanzia pale anapofikia mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita. Nafundisha hesabu hapa Malindi, na kalkulasi tunaigusa mwishoni tu: mwanafunzi anatafuta mteremko wa mstari uliopinda na eneo lililo chini yake, mara mtihani umefika. Mwaka huo haupotei bure, naomba msiuhesabu hivyo. Ila kabla ya kulipa chochote, ulizeni kwa maandishi ni alama gani zitakazomvusha kuingia mwaka wa kwanza, na iwapo vyuo vingine vitakitambua cheti cha mwaka huo, kwani vipo vinavyokubali cha kwao pekee. Akisomea uhandisi hapa Kenya hauhitaji mwaka huo. Shahada yenyewe hapa ni miaka 5.