Kilima cha Marlborough: kwa wanaoanza kazi ya akiolojia

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, mkipelekwa kwenye kilima kilichorundikwa na watu, msikadirie umri wake kwa kutazama kilichosimama juu yake. Nikiwa mwanafunzi niliona msingi wa mawe kileleni, nikaandika daftarini kwamba kilima na nyumba ni vya wakati mmoja. Mwalimu akaniuliza udongo wa chini nimeuona wapi, nikakosa jibu.

Tangu hapo kila kundi jipya huanza nalo kwa kilima cha Marlborough, kusini mwa Uingereza, chenye kimo cha takriban mita 19. Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066 walijenga ngome hapo, na kwa kuwa walikuwa na desturi ya kurundika udongo ili wasimamishe mnara juu yake, ilichukuliwa kwa muda mrefu kwamba kilima nacho ni kazi yao. Katika karne ya 17 kikageuzwa pambo la bustani, kikachongwa njia ya kuzunguka hadi juu. Leo kimo ndani ya eneo la shule, na hadithi ya kale husema mchawi Merlin amezikwa humo.

Mwaka 2010 watafiti walikitoboa kutoka kileleni hadi chini, wakatoa udongo kwa mirija. Vipande vya mkaa vilivyokutwa humo vilipimwa kwa kaboni-14, njia ya kukadiria umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai kama miti, na majibu ya mwaka 2011 yakaonyesha takriban mwaka 2400 KK, yaani karibu miaka 3,500 kabla ya Wanormani. Punje ya mkaa huweza kuwa ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo andikeni kina chake kabla hamjaigusa. Tena msiridhike na punje moja, kwa sababu mkaa wa zamani huweza kuzolewa pamoja na udongo na kumwagwa katika tabaka la baadaye.

Umri ukijulikana, bado hamjajua kilijengwa kwa ajili gani. Silbury, kilima kikubwa zaidi cha zama hizohizo, kilicho umbali wa kilomita 8 hivi, kilichimbwa mwaka 1776, 1849 na 1968, na hakuna kaburi lililopatikana. Basi kwenye fomu zenu ngome iandikwe mahali pake, bustani mahali pake, na nafasi ya matumizi ya awali ibaki wazi.