Kabla Hujalipia Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Kidogo, Ulizia Kadi ya Grafiki

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe ulioninyima usingizi. Ameweka akiba kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi kufikisha shilingi 1,200,000, amepata kompyuta mpakato ya mtumba, na muuzaji amemhakikishia kwamba ni mashine ya gemu: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 512 na “grafiki ya GB 8”. Alitaka nimwambie neno moja tu, achukue au aache. Nilipofika kwenye hiyo grafiki ya GB 8 niliona kama ninasoma habari zangu mwenyewe za mwaka 2020, na ndiyo sababu nimeamua kumjibu hapa kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mna kibubu kama chake na ndoto kama yake.

Mwezi Mei mwaka 2020 duka la mtandaoni la Epic Games liligawa GTA V bure kwa wiki moja. Nilikuwa nyumbani Mbagala, vyuo vimefungwa kwa ajili ya corona, na sikuwa na kompyuta, lakini nilifungua akaunti kwa simu nikaichukua ile gemu ili inisubiri. Kuanzia siku hiyo kila shilingi niliyoipata kwa kufundisha watoto wa kidato cha pili tuisheni ya hisabati ilikuwa na kazi yake maalumu. Novemba nilivunja kibubu, nikahesabu shilingi 820,000, mama akaniongezea 80,000 bila kuniuliza maswali, nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Winga alinipokea kabla sijamaliza kuvuka barabara. “Mdogo wangu, sema unachotafuta, utakipata.” Nilimwambia, naye akanipandisha ghorofa ya pili kwenye chumba chenye kompyuta zilizopangwa kama matofali. Muuzaji alichomoa moja, mashine ya ofisi ya rangi ya fedha, imefutwa hadi inang'aa, na stika ya Core i7 iliyobandikwa pembeni ilikuwa mpya kuliko kompyuta yenyewe. Niliiona tofauti hiyo kwa macho yangu na sikujiuliza kwa nini. Akaniambia hakuna gemu itakayokataa humo, na niliposita akanifungulia ukurasa wa mipangilio ulioandikwa kwamba grafiki ina GB 4. Namba niliiona, nikaamini, nikahesabu shilingi 900,000 mezani kwake, na nauli ya kurudi nikaazima kwa rafiki yangu.

Gemu yenyewe niliipakua kwa Jumamosi mbili ofisini kwa mjomba, kwa sababu ilizidi GB 70. Usiku nilipoiwasha nilishusha kila kitu hadi chini kabisa, lakini namba ya fremu pale pembeni, yaani picha zinazochorwa, ilikuwa inacheza kati ya 14 na 19 kwa sekunde. Mstari wa juu wa vitufe ulipata moto kiasi cha kunifanya niondoe vidole. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu tangu mwanzo, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi zamu yake. Akaniuliza, “Kaka, mbona barabara haipo?” Na kweli haikuwepo. Gari lilikuwa linakimbia juu ya ukungu wa kijivu, mashine ikihangaika kuileta lami ambayo sisi tulikwisha kuipita. Alisubiri kidogo, kisha akarudi kitandani kwake akachukua simu. Hakunicheka wala kunilaumu, na hadi leo nikikumbuka ukimya ule kifua kinabana.

Niliporudi dukani nilionyeshwa maneno yaliyochapwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Miezi minane baadaye niliiuza kwa shilingi 550,000 kwa mtu aliyehitaji kuandikia barua, na kwa kazi hiyo ilikuwa mashine nzuri tu.

Sasa nieleze nilichokuja kukijua baadaye, kwa gharama ya hizo 350,000 nilizopoteza. Prosesa yangu ilikuwa Core i7-6600U, na hiyo herufi U mwishoni ndiyo iliyobeba habari yote. Prosesa za U zimetengenezwa kwa ajili ya kutumia umeme kidogo ili betri ikae muda mrefu kwenye mikutano, na ile yangu ilikuwa na viini (sehemu zinazofanya hesabu) viwili tu ndani yake, ingawa jina lake ni i7. Core i5-9300H, ambayo mtu anaweza kuidharau kwa sababu ni i5, ina viini vinne, na herufi yake ya H inamaanisha imepewa umeme wa kutosha kufanya kazi nzito. Hata hivyo prosesa haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba kompyuta ile haikuwa na kadi ya grafiki kabisa, yaani kifaa cha peke yake cha kuchora picha za gemu. Ilikuwa na Intel HD 520, grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe bali inaazima kutoka kwenye RAM. Windows huiruhusu grafiki ya namna hiyo kuazima hadi karibu nusu ya RAM yote. Kompyuta yangu ilikuwa na RAM ya GB 8, kwa hiyo ukurasa ule ukaonyesha GB 4. Kompyuta ya kijana wa Mwanza ina RAM ya GB 16, na muuzaji anamwambia grafiki ni GB 8. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, kitu cha kwanza kuulizia ni kadi ya grafiki, na kitu cha pili ni kuhakikisha kwamba hiyo kadi ipo kweli. RAM utaongeza baadaye, SSD utabadilisha baadaye, betri utanunua siku ukipata, lakini kadi ya grafiki ya kompyuta mpakato karibu siku zote imechomelewa kwenye bodi, na ukishalipa bila kadi hakuna fundi atakayekuwekea nyingine. Nimeona vijana wakibishana juu ya rangi ya taa za kibodi wakati kadi hawaijui hata jina. Uliza jina lake kamili, pamoja na namba. Mtu akikujibu “ina grafiki kubwa”, bado hajakujibu.

Kuna majina machache yanayostahili muda wako katika kiwango chetu cha fedha. Katika mitumba, kadi za NVIDIA za GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za GB 4, bado zinacheza gemu nyingi za mashindano na zile za miaka ya nyuma kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, mradi ukubali kushusha mipangilio. Ukiweza kupanda kidogo, RTX 3050 ni nzuri, lakini hapo chunga jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kadi hiyo hiyo moja, kwa jina hilo hilo, hutolewa kwa viwango vya umeme kuanzia wati 35 hadi 80, kutegemea kampuni iliyotengeneza kompyuta. Ukikuta kompyuta nyembamba sana yenye RTX 3050, kabla hujafurahia wembamba wake tafuta kadi imepewa wati ngapi, kwa sababu ya wati 35 huachwa mbali na ya wati 80.

Lakini njia iliyoniokoa mimi haikuwa kompyuta iliyoandikwa “gemu” popote. Kuna mashine za kazi nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wasanifu majengo, kama HP ZBook, Dell Precision na Lenovo ThinkPad za mfululizo wa P. Makampuni ya nje huziachilia baada ya miaka michache, nazo hufika kwenye maduka ya mitumba zikiwa zimepangwa pamoja na mashine za ofisi, na wanunuzi wengi huzipita kwa kuwa ni nene, ni nzito na hazina taa za rangi. Nyingi zina kadi ya NVIDIA Quadro. Quadro P2000 ya kompyuta mpakato ina viini 768 vya CUDA (vile vidogo vya kadi za NVIDIA) na kumbukumbu ya GB 4, sawa na GTX 1050 Ti, na T2000 ina viini 1,024 sawa na GTX 1650. Ni ndugu wa tumbo moja waliovalishwa nguo tofauti. Machi 2023 nilinunua ZBook 15 G5 yenye Core i7-8750H, ambayo ina viini sita, pamoja na Quadro P2000 na RAM ya GB 8, kwa shilingi 1,150,000. Miezi mitatu baadaye niliongeza GB 8 nyingine, maana RAM mbili zinazofanya kazi pamoja husaidia kuliko moja inayofanya kazi peke yake.

Safari hiyo sikumwacha muuzaji anionyeshe ukurasa wake. Nilikwenda na flashi yenye programu za bure za majaribio, HWiNFO ya kupima joto na FurMark ya kuipa kadi mzigo, nikaomba nusu saa, na alipokunja uso nilimwambia kwa adabu kwamba bila jaribio sinunui. Kwanza nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nikaenda upande wa utendaji, nikatazama orodha ya GPU, yaani grafiki. Pawe na GPU mbili, ya Intel na ya NVIDIA, na ukibofya ya pili usome sehemu iliyoandikwa Dedicated GPU memory. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kadi yenyewe, na hiyo iliyoandikwa Shared ndiyo ya kuazima, ambayo ilinigharimu miezi ya tuisheni. Kisha niliiwashia kadi mzigo kwa dakika kumi na tano huku nikitazama joto. Lilipanda hadi nyuzi 96, na kasi ya prosesa ikaporomoka kutoka zaidi ya GHz 3 hadi kama 1.5, jambo ambalo lingekatisha tamaa mtu mwingine. Mimi nilimwomba afungue mfuniko wa chini. Kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Nilipunguziwa shilingi 100,000 kwa ajili ya hilo, na fundi wa mtaani kwetu alisafisha na kubadilisha pesti ya prosesa ya kupitisha joto kwa 25,000, joto likashuka hadi nyuzi 82. Kwa joto la Dar es Salaam hayo ni mafanikio, na ninayasema kwa fahari.

Chaja nayo muiangalie. Muuzaji yule alitaka kunipa ya wati 65, ya kompyuta ya ofisi, kwa sababu inawasha taa na mteja haulizi zaidi. Mashine kama ZBook yangu huhitaji chaja ya wati 150 au zaidi, na ukiipa ya chini itajipunguza nguvu au betri itaisha ikiwa imechomekwa. Usitegemee pia kucheza kwa betri umeme ukikatika, kwa kuwa kompyuta zote za namna hii hupunguza kasi zikiwa kwenye betri.

Kwa upande wa prosesa, msishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huanzia rasmi kizazi hicho, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo gemu kama Valorant huidai ukiwa kwenye Windows 11.

Kuna jambo lingine ninalowaomba, na hapa naomba mnisikilize kama kaka yenu. Msikope fedha kwa ajili ya kompyuta hii. Nimepokea ujumbe wa vijana wawili waliochukua mikopo ya kausha damu ili waanze kurekodi gemu na kupata watazamaji, na mmoja wao ameiuza kompyuta yenyewe kulipa riba. Mimi nilianza kulipwa kwa kuhariri video za harusi kwa hii hii ZBook, kwa kuwa kadi inayochora mchezo ndiyo hiyo inayoharakisha kuhariri video, lakini ilinichukua mwaka mzima kupata mteja wa kwanza asiye ndugu. Mkopo usingenisubiri mwaka. Kama kibubu chako kina laki tano, endelea kukijaza. Usikubali mtu akuambie kwamba laki tano inatosha kwa mashine “karibu sawa”, kwa maana niliyonunua mimi ilikuwa karibu sawa na mdogo wangu alirudi kitandani.

Kijana wa Mwanza nilimwomba aende dukani, afungue ule ukurasa na kunipigia picha. Aliituma jana saa tisa alasiri. GPU ilikuwa moja tu, Intel UHD Graphics 620, na kumbukumbu ya kuazima GB 7.9. Nilimjibu aache. Aliniambia mwenye duka amekasirika, lakini rafu ya chini ameona ThinkPad P52 yenye vumbi ambayo hakuna anayeiulizia, bei 1,250,000, na Jumamosi anarudi na flashi yake kuona kama ndani kuna Quadro P1000 au P2000.